Sungura wawili, chumba kimoja Ilomba, bajeti elfu arobaini: niwajengee nini humo ndani?

#1 Cherehani ya Ilomba

Habari za jioni wanajukwaa.

Niende kwenye mada. Nimepanga vyumba viwili hapa Ilomba, Mbeya. Kimoja tunalala mimi na mwanangu, kingine ni sebule, ni jiko na ni ofisi, maana cherehani yangu imo humo humo. Mwezi uliopita kijana wangu wa darasa la nne alinililia hadi nikamnunulia sungura wawili, mmoja mweupe, mmoja wa kijivu. Aliyeniuzia kaniapia wote ni majike wa miezi mitatu. Siwafugi kwa ajili ya mboga, naomba hilo swali lisije, limenichosha.

Nje siwezi. Uani tunachangia wapangaji wanne, mbwa wa nyumba ya pili anaruka ukuta, na wiki ya kwanza tu mtu alishaniuliza "hao unauza lini?" Kwa hiyo wanaishi ndani, kwenye boksi la televisheni. Niseme walikuwa wanaishi, kwa sababu boksi limeliwa. Upande mmoja umebaki mwepesi kama karatasi ya kufungia maandazi, chini mkojo umepenya hadi kwenye saruji na kuacha doa jeupe kama chokaa ambalo halitoki kwa deki wala sabuni. Juzi usiku walitoka wakakata waya wa mota ya cherehani. Bahati nilikuwa nimechomoa.

Nina elfu arobaini. Nijenge nini humo ndani? Sakafu iwe waya au mbao? Halafu huyu mweupe tangu baridi iingie anapiga chafya asubuhi, tatu nne mfululizo, kisha anajipangusa pua kwa mikono kama mtoto. Ni baridi au?

#2 Kiti cha Mbele

Naweka kambi hapa. Ila kwa elfu arobaini pale Mwanjelwa utapata bakuli la maji na ushauri.

#3 Mnyalu wa Kihesa

Kamwene dada. Huku kwetu sungura huingia ndani mara moja tu, na hatoki tena.

#4 Cherehani ya Ilomba

#3 nilijua utakuja. Nilisema swali la mboga lisije, wewe umekuja na jibu kabisa.

#5 Fundi Randa

Mleta mada, achana na wazo la kununua kizimba. Vile vya kuchomelea vinavyouzwa ni vidogo na vimebebana kimoja juu ya kingine, vimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayetaka wengi mahali padogo. Wewe una wawili. Chukua kona ya chumba, kuta mbili unazo bure, unahitaji pande mbili tu.

Tafuta mapaleti matatu, yale majukwaa ya mbao ya kubebea mizigo. Kabla hujalipa angalia muhuri kwenye kitako cha mbao. Ukiona HT maana yake mbao zilikaushwa kwa joto, chukua. Ukiona MB, hizo zilifukizwa gesi ya kuua wadudu, acha. Lisilo na muhuri uliza lilibeba nini, maana Mbeya hii mapaleti mengi yametoka kwenye maghala ya mbolea na dawa za kilimo, na sungura ataitafuna hiyo mbao mchana na usiku. Meno yake hayaachi kuota, kwa hiyo kutafuna si utundu.

Wima wa paleti ni kama mita moja hivi, sungura mwepesi anaweza kuruka karibu na hapo, lakini akiwa na kazi ya kufanya humo ndani hahangaiki. Mianya ya mbao ifunge kwa wavu wa waya uliochomelewa, ule wa matundu madogo ya mraba, siyo waya wa kuku. Waya wa kuku unakatika kwa meno na ncha zake zinamchana midomo. Wavu upigilie kwa ndani, ili asifikie ukingo wa mbao. Paleti moja liwekee bawaba liwe mlango, mtoto aingie akae nao.

Chini tandika kapeti la mpira, kingo zake ziingie chini ya mbao asipate pa kuanzia.

Mimi bei zangu ni za mwaka jana, paleti nilikuwa napata kwa elfu tano.

#6 Gololi Nyeusi

#5 umenena. Niongeze kwenye usafi, maana nimekaa nao ndani Gangilonga, Iringa, miaka sita na wageni hawagundui mpaka wawaone.

Sungura huchagua kona moja ya kukojoa. Usimchagulie wewe. Mwache siku mbili, ona anakwenda wapi, hapo ndipo uweke beseni pana la plastiki lenye maranda, na juu ya beseni ning'iniza nyasi kavu, kwenye tenga au hata kwenye chombo cha kukaushia vyombo. Wanakula huku wanajisaidia, ndivyo walivyo. Ukitenganisha chakula na choo, utafagia gololi za kinyesi chumba kizima. Beseni langu namwaga kila baada ya siku mbili, linakwenda moja kwa moja kwenye bustani ya chainizi.

Doa jeupe ni chokaa ya kwenye mkojo wao. Mimina siki, iache robo saa, sugua.

Na siku ukiona mkojo wa rangi ya machungwa au mwekundu usipige mayowe kama mimi. Mara nyingi ni rangi ya majani waliyokula. Mimi nilikodi bajaji saa mbili usiku.

#7 Fundi Randa

Siki kwenye vigae sawa. Kwenye saruji inakula sakafu yenyewe ukiiacha. Dakika tatu halafu maji mengi.

#8 Gololi Nyeusi

Nimekubali fundi. Yangu ni vigae.

#9 Mfugaji Igurusi

Naona watu mnapamba nyumba. Sakafu ya waya ndiyo sakafu. Ninao zaidi ya arobaini, kinyesi na mkojo vinadondoka chini, mnyama anabaki mkavu, na ugonjwa wa koksidia unapungua kwa sababu hali kwenye uchafu wake. Hayo mambo ya kapeti mtaua sungura kwa kuhara.

#10 Mnyalu wa Kihesa

Arobaini? Mkuu nitumie ramani ya kufika kwako.

#11 Gololi Nyeusi

#9 kwa mradi wa nyama sina ubishi, mnyama anakaa miezi michache anaondoka. Huyu wa dada ataishi miaka minane, akitunzwa hata kumi. Sungura hana nyayo laini kama za paka, ana manyoya tu juu ya ngozi. Akisimama kwenye waya miaka yote hiyo kisigino kinachubuka, kinafanya kidonda, kidonda kinaingia usaha. Wangu wa kwanza nilimkuta anasimama kama mtu aliyekanyaga makaa, ananyanyua huu anashusha ule. Nikimgeuza, nyama ilikuwa nje.

#12 Mfugaji Igurusi

Weka ubao wa kupumzikia upande mmoja wa waya. Sisi tunafanya hivyo, vidonda sivioni.

#13 Kipanga wa Makete

Wote wawili mmesahau mianzi. Huku tunapasua mwanzi mkavu vipande vya vidole viwili, tunaviacha nafasi ya kupita gololi, kama sentimita moja na nusu, mgongo wa mwanzi juu, vifundo tunavisugua kwa tupa. Mkojo unapita, mguu hauchubuki, ukichakaa unabadilisha kipande kimoja. Gharama ni jasho lako.

#14 Mnyalu wa Kihesa

Mianzi gani hiyo? Ukikata mwanzi wa kugemea ulanzi, pombe yetu, hapa Iringa kwa ajili ya sungura, kikao cha ukoo kinakaa kesho yake.

#15 Kipanga wa Makete

Kuna mianzi ya ujenzi mkuu, tulia na mbeta yako ya ulanzi.

#16 Daftari la Mifugo

Nimesoma mifugo kidogo, siyo daktari. Turudi kwenye chafya, maana mnaongelea sakafu wakati mnyama anaumwa.

Baridi peke yake sungura anaimudu vizuri kuliko sisi. Anapendelea nyuzi 10 hadi 20, na usiku wa Juni hapo Mbeya hata ukishuka chini ya hapo, akiwa mkavu na ana nyasi za kujichimbia hapati shida. Kinachomsumbua ni unyevu na upepo wa moja kwa moja. Dada, hilo boksi lilikuwa karibu na mlango?

#17 Cherehani ya Ilomba

Lilikuwa nyuma ya mlango. Chini ya mlango kuna upenyo wa vidole vitatu, upepo wa mlima Loleza wote unapita hapo.

#18 Daftari la Mifugo

Basi hamisha kesho, usisubiri paleti.

#19 Gololi Nyeusi

Mimi nasema ni mkojo. Dada kasema umepenya hadi saruji. Ile harufu kali inayochoma macho ukiinama ni amonia, na pua ya sungura iko sentimita tano kutoka chini. Wewe umesimama huisikii, yeye anaivuta usiku kucha. Lala chini usawa wake uvute pumzi, utapata jibu.

#20 Fundi Randa

Au maranda. Dada umetandika nini? Haya ya msonobari yanayoshuka kutoka Mafinga yakiwa mabichi yana utomvu, harufu yake nzuri kwetu lakini kwao inawasha njia ya hewa. Yaanike juani siku kadhaa mpaka harufu ife. Na yawe maranda ya randa, siyo vumbi la msumeno. Vumbi la msumeno hata mimi linanipigisha chafya na ndiyo ajira yangu.

#21 Ndaga Fijo

Ni majani yenye umande. Bibi yangu Tukuyu alikuwa hawapi mpaka saa nne asubuhi.

#22 Daftari la Mifugo

#21 majani mabichi ya umande yanalaumiwa kwa tumbo, siyo pua.

#23 Ndaga Fijo

Bibi hakutofautisha, na sungura wake hawakufa.

#24 Cherehani ya Ilomba

Nimelala chini kama #19 alivyosema. Mwanangu kacheka hadi kaita jirani. Harufu ipo, kweli inachoma. Ila pale pale chini nimeona kitu kingine: sakafu yote chini ya meza ina nyuzi na vumbi la vitambaa. Wiki hii nashona sare za shule, tetroni tupu. Sasa si ajabu ni mimi.

Maranda ni vumbi la msumeno fundi, nilipewa bure.

#25 Fundi Randa

Cha bure kina wenyewe.

#26 Mfugaji Igurusi

Mnazunguka. Chafya ya sungura mara nyingi ni bakteria, Pasteurella, wengi wanao puani siku zote na wanaamka mnyama akipata msongo. Kahamishwa, kawekwa kwenye boksi, kavuta mkojo, wakaamka. Nenda duka la dawa chukua amoksilini ya unga, changanya kwenye maji.

#27 Daftari la Mifugo

#26 HAPANA. Dada usifanye hivyo. Bakteria nakubaliana nawe, dawa sikubali. Amoksilini na ndugu zake wa jamii ya penisilini ukimpa sungura kwa mdomo zinaua vijidudu vyema vya tumboni, wabaya wanachukua nafasi, anaharisha na kufa siku chache baadaye. Na hawezi kutapika hata kidogo, kilichoingia kimeingia. Dawa za kuku na za sungura siyo duka moja.

Angalia hivi: kama pua ni kavu na anakula, safisha na uhamishe, subiri. Kama anatoa kamasi nyeupe na manyoya ya ndani ya mikono yamegandamana kwa sababu ya kujipangusa, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

#28 Mfugaji Igurusi

Sawa, nimewahi kupoteza watatu kwa hiyo dawa, nilidhani ni ugonjwa. Leo nimejifunza.

#29 Kyela Moto

Ninyi mna shida ya baridi, shukeni huku ziwani. Novemba nilipoteza dume langu mchana mmoja chini ya bati. Sungura hatoi jasho, anapoza mwili kwa masikio. Ikipita nyuzi 30 anaanza kuhema kwa mdomo, hapo umechelewa. Siku hizi nagandisha maji kwenye chupa, naifunga kitambaa, anajilaza pembeni yake. Dada usije ukaweka banda chini ya dirisha la jua la mchana, hata Mbeya.

#30 Ndaga Fijo

Na siafu. Tukuyu siafu wakiingia bandani usiku asubuhi unakuta manyoya. Banda la miguu, kila mguu kwenye kopo la oili chafu. Kwa Ilomba sidhani kama ni tatizo, ila nimesema.

#31 Kiti cha Mbele

Mimi nauliza, kwani chumba kinapashwa joto na nini? Mleta mada kasema sebule ndiyo jiko.

#32 Cherehani ya Ilomba

Jiko la mkaa. Usiku nalisogeza karibu na boksi wapate joto kidogo.

#33 Daftari la Mifugo

Dada! Huo moshi usioonekana wa mkaa unaua watu, mlango ukifungwa unalala na huamki. Mimi siongelei sungura tena. Jiko litoke nje kabla ya kulala, leo hii.

#34 Gololi Nyeusi

Naunga mkono #33 kwa mikono miwili. Sungura mpe nyasi nyingi na boksi dogo la kujificha, hilo ndilo blanketi lake.

#35 Cherehani ya Ilomba

Limetoka. Asanteni.

#36 Mchungaji Mstaafu

Nawasalimu. Nimepita tu. Ukisoma Walawi 11 utakuta sungura ametajwa kuwa najisi kwa kuwa hucheua lakini hana kwato zilizopasuka. Sisi wengine hatuli. Kumfuga hakujakatazwa.

#37 Mnyalu wa Kihesa

Baba mchungaji, mgao wako nautunza mimi.

#38 Daftari la Mifugo

Kucheua kwake si kama kwa ng'ombe, tumbo lake ni moja. Usiku anatoa kinyesi laini, kimeshikana kama kichala cha zabibu ndogo, anakichukua hapo hapo na kukimeza tena. Ukimwona mdomo unacheza bila majani, mtu wa zamani angesema anacheua, simlaumu.

#39 Kipanga wa Makete

Ndiyo maana waya ni mbaya, hicho kinyesi kinadondoka anakosa virutubisho.

#40 Daftari la Mifugo

Hapana mkuu, anakichukua moja kwa moja mwilini, hakifiki chini. Ukikiona kingi sakafuni, ujue anakula vya kunenepesha kupita kiasi au ni mnene hajifikii. Waya una makosa yake, hili siyo.

#41 Kiti cha Mbele

Na mimi nilikuwa nakula hapa.

#42 Gololi Nyeusi

Kuhusu ukubwa hakuna aliyesema. Waingereza wana chama cha ustawi wa sungura, wanashauri wawili wapate eneo la mita 3 kwa 2, kimo mita 1.

#43 Cherehani ya Ilomba

Mita tatu kwa mbili? Sebule yangu ni futi kumi kwa kumi pamoja na mimi, cherehani, mteja na kochi. Hao Waingereza waje wanipangishie.

#44 Gololi Nyeusi

Ndiyo maana nilichelewa kusema 😂. Weka kona ya kulala yenye urefu wa miruko mitatu, halafu jioni ukimaliza kushona funga mlango, inua nyaya, waachie chumba kwa muda wa saa tatu au nne. Waya usioinuka upitishe ndani ya bomba la plastiki la maji lililopasuliwa upande. Nimeshapoteza chaja tatu kabla sijajua hilo.

#45 Ndaga Fijo

Msisahau vya kutafuna. Matawi ya mpera, mwembe poa. Parachichi HAPANA, si jani, si gome, si tunda. Na vikreti vya mbao ni sawa lakini kama ni vijiti umevunja shambani Rungwe hakikisha siyo mparachichi. Majani ya viazi mviringo na nyanya pia hapana.

#46 Mnyalu wa Kihesa

Njombe na Rungwe yote parachichi, sungura wenu mnawalisha nini, mawe?

#47 Ndaga Fijo

Mabingobingo, ndugu yangu. Na nyasi kavu ndiyo chakula chenyewe, hayo mengine ni kachumbari.

#48 Cherehani ya Ilomba

MREJESHO. Siku tisa zimepita.

Mapaleti matatu yenye HT, 15,000. Wavu mita tatu, 12,000. Misumari na bawaba 4,500. Beseni 3,500. Kapeti la mpira kipande 8,000. Jumla 43,000, nimezidisha elfu tatu, fundi ni mimi na mwanangu na nyundo ya kuazima. Dole gumba limevimba. Liko kona ya mbali na mlango, upenyo nimeuziba kwa kitenge nilichokishona nikakijaza mchanga. Maranda ya randa yameanikwa siku tatu. Vitambaa nafagia kila jioni.

Chafya zimepungua, sasa ni moja au mbili, pua kavu. Sijui ni upepo, mkojo, vumbi la mbao, tetroni au jiko, nimebadilisha vyote kwa wakati mmoja.

#49 Mfugaji Igurusi

Ni mkazo umeisha, bakteria wamelala. Watarudi.

#50 Fundi Randa

Ni maranda. Tupia picha ya bawaba.

#51 Cherehani ya Ilomba

Kuna jingine. Tangu jana mweupe anabeba nyasi mdomoni, pande zote mbili zinaning'inia kama masharubu, anazipeleka kwenye boksi la kujificha. Leo asubuhi nimemkuta anajing'oa manyoya ya kifuani kwa meno, anatandika. Ni baridi tena?

#52 Daftari la Mifugo

Dada, huyo wa kijivu nani alimwangalia chini ya mkia?

#53 Cherehani ya Ilomba

Aliyeniuzia aliapa.

#54 Mnyalu wa Kihesa

HAHAHAHA.

#55 Mfugaji Igurusi

Mimba ya sungura ni siku 31 hivi. Hesabu tangu uwanunue. Na wakizaa mtoe wa kijivu siku hiyo hiyo, jike anaweza kupandwa ndani ya saa chache.

#56 Gololi Nyeusi

Msimtishe. Hata majike wawili hupandana, na mmoja anaweza kupata mimba ya uongo, anajenga kiota, anang'oa manyoya, halafu hakuna kitu. Yangu yalishanifanyia hivyo mara mbili. Inaisha kama wiki mbili na nusu.

#57 Fundi Randa

Miezi mitatu kwa kiapo cha nani? Kama ni ya kweli, alikuwa mdogo mno.

#58 Daftari la Mifugo

Kama umri nao ulikuwa kiapo basi hatujui chochote. Ubonyeze taratibu pale chini ya mkia wa kijivu: kitundu cha mduara kinachochomoza ni dume, mpasuo mrefu ni jike. Fanya mchana, mtu mwingine amshike.

#59 Cherehani ya Ilomba

Nimejaribu, kanikwangua. Mimi naona mduara, jirani anaona mpasuo. Siku ya 31 kwa hesabu yangu ni Alhamisi. Fundi, paleti la nne ulisema lilikuwa elfu tano?

#60 Kiti cha Mbele

Mwenye nyumba yumo humu?